Khalfan na Mimi Katika Safu ya Mbele

Vijana wangu,

Kila Ijumaa mkija mazoezini hapa Qurum nawaona mnayaangalia masikio yangu, halafu mnageuza macho haraka. Msione haya. Sikuzaliwa nayo hivi. Mama yangu kule Kakamega aliyasifu sana nilipokuwa mdogo, akisema nimechukua masikio ya baba yake. Yamekunjamana kwa sababu kwa miaka mingi niliyasugua kwenye vichwa vya wanaume wenzangu, na kila yalipovimba nilingoja yanywee yenyewe badala ya kwenda kutolewa damu. Ninyi mna kofia laini na plasta. Zivaeni. Hakuna msichana atakayewapenda zaidi kwa sababu ya sikio bovu. Mke wangu mwenyewe amenizoea tu.

Mmeniomba niwaandikie kuhusu kucheza mbele. Kazi iliyonileta huku Muscat ilikuwa nyingine: nilikuwa katika idara ya kufulia ya hoteli moja upande wa Bustan, nikipakua mashuka kutoka kwenye mashine kubwa na kuyapitisha kwenye pasi za mvuke, na huko ndiko nilikostaafia. Lakini mtu akiniuliza nimefanya kazi gani maishani, mdomo wangu hutangulia kusema raga. Nilicheza propu.

Wanaokimbia na mpira ndio wanaopigwa picha. Sisi wa mbele picha zetu ni za migongo. Kwa wazazi wenu watakaosoma haya na hawaujui mchezo, skramu ni hivi: watu wanane wa upande mmoja wanashikana na kuinama, wanane wa upande wa pili vivyo hivyo, vichwa vinapishana, mpira unaingizwa katikati, na kila upande unasukuma. Mbele kabisa wanakaa watatu. Wa pembeni wawili ni mapropu, wanaobeba uzito. Wa katikati anaitwa huka, naye kazi yake ni kuuvuta mpira nyuma kwa mguu. Sasa sikilizeni jambo hili vizuri, maana ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Huka mikono yake yote miwili iko juu ya mabega ya mapropu wake. Skramu ikianguka, hana mkono wa kujikinga. Kinachotangulia chini ni kichwa chake.

Huka wangu alikuwa Khalfan.

Nilimkuta kwenye uwanja wetu wa kwanza, ambao haukuwa na hata unyasi mmoja. Ulikuwa mchanga ulioshindiliwa, na kabla ya mechi gari la maji lilipita kuulowesha ili vumbi litulie. Nilipelekwa na mzungu mmoja aliyeitwa Doyle, Mwaustralia, mhandisi wa barabara aliyekuwa akikaa hotelini kwetu. Aliniona nikibeba kikapu cha mashuka yaliyolowa ambacho kwa kawaida hubebwa na watu wawili, akanisimamisha ukumbini na kuniuliza kama nimewahi kucheza. Nikamwambia nilicheza shuleni, halafu nikachezea timu ya kiwanda. Jioni ileile akaja na gari lake kunichukua.

Pale uwanjani nikamwona Mwomani mmoja mfupi mnene, ndevu zimechongwa vizuri, ameketi chini anafunga kamba za viatu. Nikamsalimia kwa Kiingereza. Akanitazama juu hadi chini.

"We Mluhya wa wapi?" akaniuliza.

Nilicheka sana. Kumbe familia yake ilikuwa Nakuru kabla ya kurudi Oman.

"Nlikulia Nakuru mie," akasema, "duka la baba likitazamana na steshini. Raga nlijifunzia huko shule. Haya, simama hapa kuliani kwangu, nnataka kuona kama una shingo au una sura tu."

Khalfan alikuwa afisa wa maji serikalini. Mchana alivaa dishdasha, ile kanzu yao nyeupe, na kofia iliyotariziwa, anakagua visima na mabomba. Jioni alitafuna mchanga pamoja na sisi. Ndiye aliyenifundisha kusukuma. Nilikuwa na nguvu, lakini nilikuwa nasukuma vibaya, na baada ya skramu chache alijinasua akasimama mbele yangu.

"Mulongo, unasukuma kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Hasira inakunyanyua kichwa. Ukinyanyuka wewe, nnaning'inia mie."

Basi akanifundisha. Nguvu ya propu haitoki mabegani. Inaanzia vidole vya miguu, inapita kwenye mapaja, inafika mgongoni, na mgongo usipokuwa umenyooka kama meza inapotelea hapo. Makalio yasizidi mabega. Macho yatazame mbele, kidevu kisiguse kifua, kwa sababu shingo iliyokunjwa ni shingo iliyokwisha kuvunjika nusu. Halafu kushikana: usishike jezi ya mwenzako kama unayekamata mwizi, mkumbatie hasa, mbavu kwa mbavu, mpaka usikie pumzi yake. Khalfan alikuwa akisema kwamba skramu nzuri ni ile ambayo watatu wa mbele wanavuta pumzi pamoja. Wakati wa baridi, Ijumaa asubuhi, alitupeleka ufukwe wa Yiti tukapande na kushuka mchangani tumeshikana hivyo hivyo watatu, na wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu walituuliza kama tunaumwa.

Doyle naye alikuwa na somo lake moja ambalo hakuliacha. Babu yake alicheza raga ya watu kumi na watatu kule Australia wakati mchezo huo ulipokuwa bado mchanga, naye alikuwa wa mbele kama sisi. Siku za kazi alishuka mgodini kuchimba makaa ya mawe, na Jumamosi akaenda kugongana. Mzee huyo aliwahi kumwona mwenzake akianguka, wenzake wakamnyanyua kwa mikono na miguu, wakamtoa nje ya uwanja kwa nia njema kabisa, na yule mtu hakutembea tena. Hadithi hiyo ilishuka katika ukoo wao kama wosia. Kila baada ya mazoezi Doyle alimlaza mmoja wetu chini, akatufundisha kushika kichwa chake kisitikisike. Usivute, usigeuze, usimkalishe, usimpe maji. Mshike kama ulivyomkuta na uongee naye. Sisi tulikuwa tumechoka, tunataka kwenda nyumbani, tukawa tunafanya mzaha. Khalfan alikuwa akijifanya amekufa na kutoa ulimi. Doyle alingoja tu mpaka tunyamaze, kisha akaanza upya. Mkataba wake ulipoisha akarudi kwao, nasi tukaendelea na somo lake kwa mazoea tu.

Miaka ikapita. Tukawa safu ya mbele ambayo watu waliijua kidogo. Nimecheza na homa, nimecheza na kidole kilichovunjika, nimecheza siku moja baada ya kupigiwa simu kwamba baba amefariki, kwa sababu sikuwa na ndege mpaka keshoye na sikujua nifanye nini na mwili wangu. Siku hiyo, katika kila skramu, Khalfan alinikumbatia kwa nguvu kuliko kawaida, basi.

Sasa nifike kwenye mechi ile.

Ilikuwa alasiri, na tulicheza na timu ya wageni waliokuja kututembelea, watu wazuri, wakubwa sana. Gari la maji lilikuwa limepita, na juu uwanja ulilowa vizuri, lakini chini yake mchanga ulikuwa mgumu kama sakafu. Skramu ikaitwa karibu na mstari wetu. Siku hizo refa hakutupanga polepole kama anavyowapanga ninyi, mkishikana kwanza ndipo msukume. Tuliingia kwa kugongana, kama mafahali. Tukagongana. Propu wao wa upande ule mwingine, mbali nami, akateleza miguu yote miwili, si kosa lake wala la mtu yeyote, na skramu nzima ikainama upande huo ikashuka. Nilihisi mkono wa Khalfan ukinivuta bega. Halafu nikahisi umelegea.

Watu walipojinasua mmoja mmoja, yeye alibaki amelala kwa ubavu, shavu kwenye mchanga, macho wazi. Nikasema, "Inuka, mzee." Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza kwamba taa imezimika, "Mulongo, miguu siisikii."

Nililala kifudifudi nyuma ya kichwa chake, viwiko vyangu nikavikita chini, nikamshika kichwa pande zote mbili. Nikapiga kelele mtu asimguse na mtu apige simu ambulensi ije. Sikufikiri. Mikono ilikuwa imezoea.

Khalfan ana mdogo wake, Hamed, ambaye hakuwahi kucheza lakini hakukosa mechi. Gari lake kubwa lilikuwa limeegeshwa pembeni mwa uwanja. Alilileta mbio mpaka karibu na miguu yetu, akaruka chini na kufungua mlango wa nyuma.

"Mpakieni! Yallah, mpakieni, gari hili hapa!"

"Hamed, hapana," nikamwambia. "Usimguse. Ambulensi inakuja."

"Inatoka wapi? Hospitali ni hapo tu! Ondoka!"

"Siondoki."

"Huyo ni ndugu yangu, si ndugu yako! Toa mikono!"

Akanishika jezi kwa nyuma akanivuta. Nikajikaza. Akanipiga sikio, kisha shavu, kisha tena sikio. Vijana, nimepigwa sana katika mchezo huu, lakini mara zote nilikuwa na mikono ya kujikinga. Siku ile sikuwa nayo. Niliyafumba macho nikawaza jambo moja tu, kwamba ngumi zile zisifike kwenye vidole vyangu, maana kichwa cha Khalfan kingetikisika. Wenzangu wakamkamata Hamed, akawa analia na kuwatukana kwa Kiarabu na Kiswahili.

"Hamed," Khalfan akasema kutoka pale chini. "Mwache. Nnakuomba mwache."

Ndipo Hamed alipokaa kwenye mchanga.

Ambulensi ilichelewa. Barabara zilijaa watu wanaotoka matembezini. Mikono yangu ilikufa ganzi, halafu ikauma, halafu ikafa ganzi tena. Niliongea na Khalfan kama tulivyofundishwa. Tuliongea kuhusu Nakuru, kuhusu treni, kuhusu mandazi ya mama mmoja aliyeuza karibu na duka lao. Mara mbili tatu alinyamaza, nami nikamwuliza swali la kijinga ili ajibu.

Daktari alisema uti wa mgongo haukukatika bali umejeruhiwa vibaya. Walimfanyia upasuaji. Hamed alimwuliza daktari mbele yangu, "Na tungemfikisha mapema?" Daktari akasema hawezi kujua. Mimi sikuuliza angepakiwa garini akikunjwa shingo ingekuwaje, lakini nadhani jibu lingekuwa lilelile. Mpaka leo sijui, na msije mkanisifu kwa jambo ambalo mimi mwenyewe sijui. Mikono yake ilirudi polepole, wa kulia kwanza. Miguu haikurudi.

Hamed aliacha kunisalimia. Tulipokutana hospitalini alitoka mimi nikiingia.

Siku moja mama yao, Bi Zuwena, aliniita nyumbani. Nilikwenda nimevaa shati langu la kanisani. Niliketi sebuleni, nikaletewa kahawa na tende, sikuzigusa.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Nnasikia Hamed kakupiga."

"Ilikuwa uchungu, mama. Si kitu."

"Ni kitu. Lakini hilo ntalisema naye mwenyewe." Akanisogelea. "Nlitaka nikuulize jambo jengine. Pale chini mlikaa muda mrefu. Kila mtu ananihadithia gari, ananihadithia ngumi. Hapana anonambia mwanangu alikuwa akisema nini. Wewe ndiye ulokuwa karibu."

Nikamweleza yote niliyoyakumbuka. Treni, duka, mandazi. Kwamba aliuliza kama alasiri imeshaadhiniwa, na nilipomwambia imeshaadhiniwa alifumba macho, midomo ikawa inacheza.

"Alinitaja?"

"Alikutaja. Alisema usiambiwe kwa simu. Alisema aje mtu mwenyewe, tena asije na sura ya kilio, kwa sababu utaona tangu mlangoni."

Bi Zuwena akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akacheka tena. "Alokuja alikuwa analia," akasema. "Nliona tangu mlangoni." Kisha akasukuma sahani ya tende karibu yangu. "Kula. Hutoki hapa hujala."

Nikala.

Mimi niliacha kucheza. Si kwamba nilikata shauri siku fulani. Nilijaribu kurudi, nikainama kushikana na huka mpya, kijana mzuri tu, na mkono wake uliponigusa bega nikajinasua, nikatoka uwanjani. Nikabaki na mashuka yangu. Kwa msimu mzima sikukanyaga uwanjani. Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko, nilikwenda kanisani, nikarudi, nikalala.

Aliyenitoa ndani ni Khalfan. Alinipigia simu, naye sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba lakini maneno ni yaleyale.

"Mulongo, nnasikia propu wapya wanaingia vichwa chini."

"Sijui. Siendi huko."

"Basi twende. Mie ntaona, wewe utasema. Kifua changu hakina sauti ya kuwapigia kelele."

"Khalfan, unataka kurudi pale pale?"

"Sasa nkae nyumbani niwatazame kwenye video wakivunjika shingo?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza kufundisha, na ndivyo mlivyotukuta: yeye kwenye kiti chake cha magurudumu pembeni, mimi nimepiga magoti kati yenu. Mnadhani ninapowasimamisha katikati ya skramu nimeona kitu. Mara nyingi mimi sijaona chochote. Nimesikia tu Khalfan akigonga mkono wa kiti chake kwa pete.

Aliyemleta kila Ijumaa alikuwa Hamed. Alimshusha, akamfunika miguu, akarudi ndani ya gari, akapandisha vioo na kuwasha kiyoyozi. Alikaa humo mpaka tumalize. Nilizoea kuiona sura yake nyuma ya kioo, imetazama baharini.

Nakumbuka siku aliyoshuka. Tulikuwa na ile mashine ya kusukumia, fremu ya chuma yenye mito mbele, ambayo huwekewa magunia ya mchanga iwe nzito. Gunia moja likapasuka. Propu wetu wakawa wanaisukuma mashine kama toroli la sokoni. Khalfan akageukia gari.

"Hamed!" Sauti haikufika. Akanituma nikagonge kioo. Hamed akakishusha kidogo, hakunitazama.

"Kaka yako anakuita."

Akaja, dishdasha safi kabisa.

"Panda hapo kwenye chuma," Khalfan akamwambia. "Wali wote uloula miaka hii leo una faida."

Vijana walikufa kwa kicheko. Nilidhani atakasirika. Hamed aliitazama mashine, akamtazama kaka yake, akakunja dishdasha, akapanda, akaketi juu ya magunia kama bwana harusi. Skramu ikaingia, mashine ikaruka nyuma, naye akashikilia chuma kwa mikono miwili akiita jina la Mungu. Baada ya hapo hakukaa tena garini. Alikuja na kiti cha kukunja na chupa ya kahawa, akaketi kando ya Khalfan. Mimi alinipa kikombe, hakunipa neno. Nilikipokea.

Kisha ikaja Ijumaa moja ya baridi. Tulikuwa katikati ya mazoezi, nimewapa mapumziko mkanywe maji. Nilikuwa nakusanya mipira niliposikia mtu amesimama nyuma yangu.

"Mulongo."

Tangu siku ya mechi ile hakuwahi kunitaja kwa jina.

"Naam, Hamed."

"Nionyeshe ulivyofanya siku ile."

Nikaiweka mipira chini. Nikatazama ni nani kati yenu nimlaze pale, nikaanza kuinua mkono nimwite mmoja.

"Wa nini huyo?" Khalfan akasema kutoka kitini. "Mie si nipo? Nishusheni."

Tulimshusha, Hamed kwenye mabega, mimi kwenye miguu, tukamlaza juu ya mkeka. Nikamwelekeza Hamed alale kifudifudi nyuma ya kichwa cha kaka yake, akite viwiko, afungue viganja.

"Usivute," nikamwambia. "Usigeuze. Mshike kama ulivyomkuta."

"Mpaka lini?"

"Mpaka waje wanaojua zaidi yetu."

"Na wakichelewa?"

"Unangoja naye."

Akashika. Khalfan akafumba macho. Upepo ulikuwa unarusha mchanga kidogo, nikajisogeza upande unaotoka ili usimpate usoni. Baada ya muda niliona viwiko vya Hamed vinaanza kuchezacheza kwa uchovu, jasho linamdondoka puani, nikamgusa bega nikamwambia amefanya vizuri, sasa yatosha, amwachie.

"Bado kidogo," akasema.

Mlikuwa mmeshamaliza kunywa maji. Mkaja mkatuzunguka, mkasimama, mkangoja.